PADRE JOHN MAGEE, SHAHIDI WA NANKING

Kila mwaka tarehe 28 Desemba Kanisa letu hukumbuka Watoto Wasio na Hatia, wale wa Bethlehemu waliouawa na askari wa Mfalme Herode. Ni siku ambayo wengi wetu huipita bila kuiona. Tumechoka na shughuli za Noeli, wageni wamejaa nyumbani, na asubuhi ile kanisani huonekana padre, mzee wa kanisa mmoja na akina mama wawili watatu. Hata hivyo siku hiyo haikuwekwa bure. Inatukumbusha kwamba hata wiki ile ya furaha kuu wapo watu wanaotumiwa askari wenye silaha, nao hawana silaha, wala hakuna wa kuwazuia askari.

Jambo hilo halikwisha siku za Herode. Mwezi huu tunawaletea habari za padre mmoja wa jamaa yetu ya Anglikana, aliyejikuta katikati ya jambo la namna hiyo mwezi wa Desemba mwaka 1937 katika mji wa Nanking, huko Uchina. Siku hizi jina la mji huo huandikwa Nanjing. Padre huyu hakuweza kulizuia. Lakini alilitazama, akalisema kama lilivyo, na kwa sababu hiyo jina lake linakumbukwa hata leo.

KUZALIWA KWAKE NA WITO WAKE

John Gillespie Magee alizaliwa mwaka 1884 katika mji wa Pittsburgh, Marekani. Jamaa zake walikuwa watu wenye mali na sifa katika mji ule, naye angeweza kukaa kwao akaishi maisha ya raha. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Yale, akamaliza mwaka 1906. Baadaye akaingia chuo cha theolojia cha Kanisa la Episkopali, ndilo Kanisa la Anglikana la kule Marekani, akamaliza mwaka 1911. Mwaka uliofuata, 1912, akapelekwa Uchina kuwa mmisionari. Ndio mwaka ule ule ambapo ufalme wa zamani wa Wachina ulikwisha na nchi ikawa jamhuri.

Hakuwekwa mahali pa watu wakubwa. Kazi yake ilikuwa Hsiakwan, nje ya ukuta wa mji wa Nanking, kando ya Mto Yangtze, penye gati na stesheni ya gari la moshi. Ninyi mliopata kuishi karibu na bandari mnajua watu wa mahali kama pale: makuli, mabaharia, wachuuzi, watu waliotoka shamba kutafuta riziki na hawakuipata. Padre Magee alikaa na watu hao miaka mingi, akajifunza lugha yao, akajenga kanisa na shule.

Huko huko Uchina alimwoa Bibi Faith Backhouse, Mwingereza, aliyekwenda kule na C.M.S. Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuhitaji kuelezwa C.M.S. ni nini, maana ndicho chama kilichomleta Krapf Mombasa mwaka 1844. Mungu akawajalia watoto wanne wa kiume. Wa kwanza alizaliwa mwaka 1922, naye akaitwa John kama baba yake. Tutamkuta tena mbele.

VITA VYAFIKA

Mwezi wa Julai 1937 jeshi la Japani na jeshi la Uchina walianza kupigana karibu na Peking. Mwezi wa Agosti vita vikafika Shanghai, na huko wakapigana miezi mitatu, watu wengi sana wakafa pande zote mbili. Mwezi wa Novemba Wachina walishindwa, na Wajapani wakaanza kuuendea mji wa Nanking, uliokuwa makao makuu ya serikali ya Uchina wakati ule. Jeshi lile lilikwenda mbio, likatangulia chakula chake, likawa linaishi kwa kupora vijijini njiani. Askari walikuwa wamechoka, wamepoteza wenzao wengi, na walikuwa wamefundishwa kuwadharau Wachina na kumwona mtu anayejisalimisha kuwa si mtu. Ukichanganya mambo hayo na wakubwa wasiotaka kuwazuia walio chini yao, mtaona kwamba balaa iliyofuata haikuanguka kutoka mbinguni. Iliandaliwa na watu.

Serikali ya Uchina ilihama. Matajiri walihama. Balozi za nchi za nje ziliwashauri raia wao waondoke, na wengi wakaondoka. Maskini walibaki, maana hawakuwa na nauli wala mahali pa kwenda. Na Padre Magee, ambaye watu wake walikuwa hao maskini, akabaki nao. Wakati ule alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitatu, na mke wake na watoto walikuwa mbali.

Hakuwa peke yake. Walibaki wageni wachache, hawakufika thelathini. Walikuwamo wamisionari, walimu, madaktari na wafanya biashara. Waliunda halmashauri, wakachagua sehemu moja ya mji, karibu kilometa nne za mraba, wakaiita Eneo la Usalama, wakaomba majeshi yote mawili yasiingie humo. Mwenyekiti wao alikuwa Bwana John Rabe, Mjerumani wa kampuni ya Siemens. Bwana huyu alikuwa mwanachama wa chama cha Hitler, na hata hivyo alihatarisha nafsi yake kuwaokoa Wachina. Mungu ana njia zake. Padre Magee alikuwa mmoja wa halmashauri hiyo, tena alifanywa mwenyekiti wa kamati ya Msalaba Mwekundu ya mji ule, kwa ajili ya majeruhi. Watu kiasi cha laki mbili na zaidi walikimbilia katika Eneo lile dogo, wakalala madarasani, katika vyumba vya watu na nje kwenye baridi.

MAJUMA SITA

Mji ulitekwa tarehe 13 Desemba 1937. Waandishi wa magazeti waliokuwamo waliondoka siku mbili tatu baadaye, na baada yao mlango ukafungwa. Kwa muda wa majuma sita hivi askari walifanya walivyotaka. Waliwaua mateka kwa maelfu. Waliwaua raia nyumbani na barabarani. Wanawake kwa maelfu walitendewa jeuri, wasichana wadogo na mabibi vizee pia. Maduka yaliporwa, kisha mitaa ikachomwa moto.

Vijana wa kiume walikuwa katika hatari kila saa. Askari waliingia katika Eneo la Usalama wakiwatafuta wanajeshi wa Kichina waliovua sare zao. Walitazama mikono ya watu: aliyekuwa na sugu viganjani alihesabiwa kuwa amezipata kwa bunduki. Walitazama vipaji vya nyuso, kuona kama pana alama ya kofia ya chuma. Sasa, ndugu, ni kuli gani asiye na sugu mikononi? Ni mkulima gani?

Jioni ya Jumanne tarehe 14 Padre Magee alipita njiani akakuta misururu miwili mirefu ya wanaume, mikono yao imefungwa, wanaongozwa kwenda zao. Alikadiria kuwa walikuwa elfu moja, au hata elfu mbili. Hakuna aliyeweza kuuliza wanapelekwa wapi.

Siku zile zile pigo likafika kwake mwenyewe. Alikuwa na kundi la Wakristo wake waliohamia katika Eneo la Usalama, amewaweka mahali pamoja. Askari walikuja wakawachukua wanaume kumi na wanne. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano, mtoto wa mchungaji wa Kichina aliyefanya kazi naye. Siku nne zikapita bila habari. Siku ya nne akarudi mtu mmoja tu, kuli, akaeleza yaliyowapata. Walikusanywa pamoja na watu wengine kama elfu moja, wakapelekwa mpaka ukingo wa Mto Yangtze, kisha wakapigwa kwa bombomu kutoka pande mbili. Kuli yule alijitupa chini mara tu kabla risasi hazijamfikia, na maiti za wenzake zikamwangukia na kumfunika. Usiku ulipoingia akatoka chini yao, akatoroka. Wengine kumi na watatu hawakurudi, na yule kijana alikuwa mmoja wao.

Hebu tufikiri kidogo habari hiyo. Padre amewaambia watu wake waje mahali pa usalama. Wamekuja kwa sababu wanamwamini. Na pale pale alipowaweka ndipo wamechukuliwa. Wachungaji na wazee wa kanisa wanaosoma ukurasa huu wanaweza kujua moyo wake ulikuwaje mbele ya mchungaji mwenzake aliyefiwa na mtoto. Hakukimbia, wala hakukaa chini kulia tu. Yeye na mwenzake Padre Ernest Forster waliendelea kulinda nyumba za wakimbizi, wakisimama milangoni askari walipokuja kutafuta wanawake. Mara nyingine kuonekana kwa mgeni tu kulitosha kuwafukuza askari. Mara nyingine hakukutosha.

Halmashauri nayo iliandika barua kila siku kwa ubalozi wa Japani, ikieleza kila tukio: siku, mtaa na jambo lililotendeka, mpaka yakapita matukio 400. Watu wa ubalozi walizipokea barua kwa adabu, lakini hawakuwa na nguvu juu ya jeshi.

KAMERA

Padre Magee alikuwa na kamera ndogo ya sinema, kama ile ambayo wamisionari wengi walitumia kuwaonyesha watu wa kwao kazi ya misheni. Katika siku zile za mauti aliichukua, akaanza kupiga picha. Wajapani wangemwona wangeivunja au kuinyang'anya, kwa hiyo aliificha, akaitoa pale tu ilipowezekana. Ndiyo maana katika mikanda yake hakuna picha za watu wakati wanauawa. Sehemu kubwa aliipiga katika hospitali ya misheni, ambako Dakta Robert Wilson alikuwa daktari wa upasuaji peke yake kwa maelfu ya watu. Picha zinaonyesha waliochomwa kwa singe, waliopigwa risasi, waliomwagiwa mafuta wakachomwa moto. Na kwa kila mtu Padre Magee aliandika maelezo: huyu ni nani, umri wake, kazi yake, alitoka mtaa gani, alipatwa na nini na siku gani.

Kisa kimoja alichokiandika ni cha nyumba iliyokuwa kusini ya mji. Nyumba hiyo ilikuwa ya mtu mmoja Mwislamu, na jamaa nyingine ya wapangaji ilikaa pamoja naye. Siku ile mji ulipotekwa, askari kama thelathini walibisha hodi. Mwenye nyumba alifungua mlango, wakamwua pale pale. Mke wake akauliza kwa nini mumewe ameuawa, wakamwua naye. Kisha wakaingia vyumbani. Katika watu kumi na watatu wa nyumba ile, kumi na mmoja waliuawa, wazee wa miaka sabini na zaidi na mtoto mchanga pia. Walibaki wasichana wawili wadogo, mmoja wa miaka minane na mdogo wake wa miaka minne. Yule mkubwa alichomwa singe mahali patatu, lakini hakufa. Alitambaa mpaka ulipokuwa mwili wa mama yake. Watoto hao wawili walikaa humo siku kumi na nne pamoja na maiti, wakila ukoko wa wali uliobaki sufuriani, mpaka bibi mmoja jirani aliporudi akawaona. Padre Magee alikwenda nyumba ile, akasikiliza habari kwa mtoto na kwa majirani, akailinganisha, akarekebisha palipokosewa, akapiga picha.

Angalieni hapo kazi ya shahidi. Hakutosheka na kusikia. Alikwenda mwenyewe, akauliza, akalinganisha maneno ya mmoja na ya mwingine.

Mapema mwaka 1938 mikanda minane ilitolewa mjini kwa siri. Bwana George Fitch, aliyekuwa mkuu wa Y.M.C.A. mjini Nanking, aliishonea ndani ya bitana ya koti lake kubwa, akapanda gari la moshi lililojaa askari wa Kijapani, akakaa kati yao mpaka Shanghai. Kama wangempekua, tusingekuwa na habari hii ya kuwasimulia. Shanghai zilitolewa nakala. Picha chache zilichapwa mwezi wa Mei katika gazeti la Life la Marekani. Nakala moja ilichukuliwa na Bwana Rabe mpaka Ujerumani. Alipoanza kuionyesha Berlin alikamatwa na polisi wa siri wa Hitler, mikanda ikachukuliwa, naye akakatazwa kusema tena.

Kuna jambo moja ambalo sisi Wakristo tusilipite upesi. Katika maneno aliyoandika kuitangulia filamu ile, Padre Magee alieleza kwamba haionyeshwi ili kuchochea kisasi juu ya Wajapani. Alitaka watu wote, na Wajapani pia, wakumbuke matunda ya vita na kuazimia kuikomesha. Alitaja kuwa amekwenda Japani mara nyingi, anaujua uzuri wa nchi ile, na kwamba wako huko watu wenye moyo mwema ambao wangejua yanayotendeka wangeona uchungu. Mtu huyu aliandika hivyo baada ya kupoteza watu wake kumi na watatu. Hakuficha hata tone moja la damu, wala hakumchukia mtu kwa taifa lake.

MWANAWE

Padre Magee aliondoka Uchina kwa mara ya mwisho mwaka 1940, baada ya miaka ishirini na minane. Akawekwa kuwa padre msaidizi katika Kanisa la Mtakatifu Yohana mjini Washington, lililo karibu na nyumba ya Rais wa Marekani.

Mwanawe wa kwanza, John, alikuwa kijana mwenye akili na mwenye kupenda mashairi. Alisoma Uingereza, na mwaka 1940, kabla Marekani haijaingia vitani, alijiunga na jeshi la anga la Kanada. Mwezi wa Septemba 1941 aliwapelekea wazazi wake barua, na ndani yake shairi aliloandika juu ya furaha ya kuruka juu sana angani. Tarehe 11 Desemba mwaka ule ule ndege yake iligongana na nyingine juu ya Uingereza, akafa. Umri wake ulikuwa miaka kumi na tisa.

Basi Padre Magee naye sasa akawa kama yule mchungaji mwenzake wa Nanking, baba aliyeletewa habari kwamba mtoto wake hatarudi. Alilichukua shairi la mwanawe, akalichapisha katika gazeti la kanisa, gazeti la namna ya hili mnalolishika mikononi. Kutoka hapo likaenea dunia nzima, na mpaka leo marubani wengi wa nchi zinazosema Kiingereza wanalijua kwa moyo. Walio wengi hawajui kwamba baba wa kijana yule ndiye padre aliyepiga picha za Nanking.

Mwezi wa Aprili 1945 Rais Roosevelt alipofariki, Padre Magee alikuwa mmoja wa mapadre walioshiriki katika ibada ya mazishi iliyofanyika nyumbani mwa Rais.

MBELE YA MAHAKAMA

Vita vilipokwisha, mataifa yaliyoshinda yaliweka mahakama mjini Tokyo kuwahukumu wakubwa wa Japani. Mwezi wa Agosti 1946 Padre Magee aliitwa kutoa ushahidi. Alieleza yote: wanaume waliofungwa mikono, wale kumi na wanne, yule kuli aliyerudi, wanawake hospitalini, nyumba ile ya watoto wawili.

Ndipo akasimama wakili wa utetezi, akataka ajibu swali moja. Katika mauaji hayo yote, ni watu wangapi ambao yeye Magee aliwaona kwa macho yake mwenyewe wakiuawa?

Ndugu, jitieni mahali pake. Mbele yako wameketi majaji wa mataifa kumi na moja. Unajua kwa hakika kwamba watu waliuawa kwa maelfu. Umeona maiti zimelala njiani, umeshika mikono ya waliokuwa wakifa, umefiwa na watu wako. Ungesema mia moja, nani angekubishia? Na unajua ukisema kidogo, adui wa kweli watalichukua neno lako wakalitumia.

Padre Magee alijibu kwamba aliona mmoja.

Akaeleza. Ilikuwa tarehe 17 Desemba. Yeye, Padre Forster na Warusi wawili walikuwa kwenye roshani ya nyumba waliyokaa. Mchina mmoja, aliyevaa kanzu ndefu ya hariri, alikuwa akipita barabarani. Askari wawili wa Kijapani wakamwita asimame. Mtu yule kwa hofu akaongeza mwendo, akataka kukata kona, lakini mbele yake palikuwa na ua wa mianzi, hapakuwa na njia. Askari wakamfuata, wakampiga risasi usoni, kisha wakaenda zao wakivuta sigara na kuzungumza, kana kwamba hapakutokea jambo.

Mmoja tu. Na ni kweli kwamba wako waliolichukua jibu lile wakasema, haya, mmisionari mwenyewe aliona mtu mmoja, basi hayo mauaji ya Nanking ni hadithi. Lakini majaji walifikiri kinyume. Shahidi asiyekubali kuongeza hata mtu wa pili, hata kwa jambo alilojua kuwa kweli, ni shahidi anayeaminika katika mengine yote. Maneno yake yaliwekwa pamoja na ya wengine wengi, na mahakama ikakata kwamba watu zaidi ya 200,000, raia na mateka, waliuawa mjini Nanking na kando yake katika majuma sita ya kwanza. Serikali ya Uchina inataja 300,000, na wako wataalamu wanaotaja idadi pungufu. Kwamba mauaji makubwa yalitendeka, mtu mwaminifu hawezi kukana. Jenerali Matsui, aliyekuwa mkuu wa jeshi lile, alihukumiwa kwa sababu alijua na hakuwazuia watu wake, akanyongwa mwezi wa Desemba 1948.

MWISHO WAKE NA YALIYOFUATA

Miaka yake ya mwisho Padre Magee aliwatumikia wanafunzi wa Kanisa letu katika Chuo Kikuu cha Yale, kule alikosoma ujanani. Alifariki mwaka 1953.

Mikanda na kamera yake vilibaki mikononi mwa jamaa zake. Mwaka 2002 mwanawe David aliipeleka kamera ile Nanjing, akaitoa kwa jumba la ukumbusho wa waliouawa. Mwaka 2015 filamu yake, pamoja na maandishi mengine ya Nanking, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya kumbukumbu za dunia nzima. Na yule msichana wa miaka minane, aliyekula ukoko wa wali karibu na mwili wa mama yake? Alikua, akawa mama na bibi. Vilipotoka vitabu vilivyodai kwamba yeye si mtoto yule wa filamu, alikwenda mahakamani huko huko Japani, na mwaka 2009 mahakama kuu ya Japani ikathibitisha haki yake.

Tena tulitaje jambo hili kwa shukrani. Mwaka 1996 sinodi ya Kanisa la Anglikana la Japani ilikiri hadharani kosa la kanisa hilo kwa kunyamaza na kushirikiana na serikali yake wakati wa vita, ikaomba msamaha kwa Mungu na kwa watu wa Asia. Sisi hapa nasi tuliguswa na vita vile. Baadhi ya babu zetu walichukuliwa katika K.A.R. wakapelekwa Burma mwaka 1944 kupigana na jeshi lile lile, na wengine wamelala huko. Basi toba ya ndugu zetu wa Japani ni habari yetu pia.

TUNAJIFUNZA NINI?

Katika Kiswahili chetu neno shahidi lina maana mbili. Shahidi ni aliyekufa kwa imani, kama Mashahidi wa Uganda. Na shahidi ni aliyeona akasimama kusema alichoona. Wengi wetu hatutaitwa kuwa mashahidi wa namna ya kwanza. Lakini ya pili tunaitwa kila wiki.

Tazama desturi yetu. Likitokea jambo mtaani, jioni kila mtu aliliona. Mwenye kusikia kwa shangazi anasema ameona. Waliopigana walikuwa wawili, kufika sokoni wamekuwa kumi. Tunadhani tunaisaidia kweli kwa kuiongeza, kumbe tunaivunja miguu, maana siku itakapohitajika hakuna atakayeiamini. Na kwa upande mwingine, likiwa ni jambo la hatari, mwenye nguvu amemwonea mnyonge, mume amempiga mke, mjane amenyang'anywa shamba, ghafla hakuna aliyeona. Wote tulikuwa tumelala.

Padre Magee hakulala wala hakuongeza. Alibaki na watu wake alipoweza kuondoka. Alikwenda kuuliza alipoweza kutosheka na uvumi. Alisema mmoja pale ambapo elfu ingemfaa. Na wakati wote huo alikataa kuwachukia watu wa taifa lililomtenda hivyo.

Basi tarehe 28 Desemba inayokuja, kengele ikilia asubuhi, ndugu, tuje. Tuwakumbuke watoto wa Bethlehemu, na wale kumi na watatu wa Hsiakwan waliochukuliwa, na kijana wa mchungaji, na wote waliouawa na majeshi katika nchi yoyote, hata nchi za jirani zetu na za kwetu. Na tuombe hivi:

Ee Mungu, unayeona yale tusiyotaka kuyaona, tupe macho yasiyogeuka, na ulimi usiongeza wala kupunguza. Uwapokee waliouawa bila kosa. Uwafariji baba na mama walioachwa. Uwageuze wenye silaha. Na mioyo yetu uilinde na chuki, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.